Mahindi Yenye Masizi

Iyula, jioni ya kuamkia safari

Ruti mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi pale Mlowo penye lori, mbele za watu, na nitajikaza nicheke. Kwa hiyo hapa naziruka. Na mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kutokaa njiani na wanaume usiowajua, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku nao wameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha tangu kabla hujazaliwa.

Hivi ninavyoandika mko jikoni, wewe na mama yako, mnakaanga karanga za njiani. Nakusikia. Unaimba ule wimbo wa kuhesabu ambao watoto wote wa Iyula wanauimba wakicheza: moja, mbili, tatu, Tamali kala nne. Unauimba vizuri, sauti umeirithi kwa mama yako. Halafu nikakusikia ukisema, "Mama, mchungaji kasema kila mwanafunzi aende na wimbo wa watoto wa kwao. Mimi nitawaimbia huu. Na bahati yangu, mwalimu wetu mwenyewe anaitwa Tamali! Si atacheka huyo mpaka basi?"

Mama yako hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni kwangu na mwiko mkononi, akanong'ona, "Baba Ruti, mwambie wewe. Usipomwambia kabla hajaondoka nitamwambia mimi, na mimi sitapunguza hata kidogo." Akarudi zake motoni.

Basi nakwambia. Wimbo huo usiuimbe, mwanangu. Tamali wa kwenye wimbo ndiye huyo huyo Mwalimu Tamali unayekwenda kufundishwa naye. Na aliyeutunga ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Barua hii nitaifutika kwenye kikapu chako, chini ya vitenge, uikute ukiwa ndani ya lori. Nimeona ni afadhali uisome huko, wewe hunioni na mimi sikuoni. Ndivyo nilivyo, na utaona mwenyewe kadiri unavyoendelea kusoma.

Watu wananiita Mwalimu mpaka leo, ingawa chaki niliiacha zamani na mikono yangu sasa inanuka maganda ya kahawa. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona sifundishi, nikakujibu kwamba kahawa ina faida zaidi. Uongo mtupu. Mwaka niliouacha ualimu sikuwa hata na mche mmoja wa mbuni.

Mimi nami nilisomea kazi hii unayokwenda kuisomea. Hukulijua hilo, au sivyo? Nilikuwa kijana, ndevu hazijajaa, misheni wakanichukua nikajifunze ualimu. Wenzangu wakapewa madarasa ya wavulana wakubwa, wanaosoma Biblia na kuandika kwa kalamu. Mimi nikapewa vidudu. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaita watoto wadogo, wanaokaa chini na kuandika kwa kidole mavumbini. Nilirudi hapa Iyula na shati jeupe na kengele, nikafunguliwa kibanda cha udongo karibu na kanisa, nikaletewa watoto wa kamasi wanaolilia mama zao. Wenzangu tulipokutana Jumapili waliniuliza, "Yaya, watoto hawajambo? Umewanyonyesha?" Nilicheka nao, lakini iliniuma sana. Niliwachukia wale watoto kwa sababu ya udogo wao. Mtu mzima, mwanangu, nikawachukia watoto wasiojua hata kufunga lubega.

Nakueleza hili kwa sababu wewe nawe utataniwa. Hata shangazi yako juzi amesema kwamba unakwenda kusomea kufuta kamasi, na nilikuona ukitabasamu kwa shida. Mimi utani wa namna hiyo niliuingiza moyoni, nao ukanifanya nitamani siku moja tu ya kuonekana mkubwa. Siku hiyo niliipata.

Ulikuwa mwaka wa nzige. Walitua juu ya ulezi ukiwa unachanua, wakala na majani ya migomba, wakala hata nyasi za kuezekea. Watu wakaanza kuchimba mizizi porini. Watoto waliendelea kuja shule, nadhani kwa sababu nyumbani hapakuwa na cha kuwakalisha. Wengi walikuwa wakisinzia, na mimi nilikuwa nikiwapigia kengele masikioni.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kule mafunzoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo ahesabu vitu anavyovishika, asihesabu maneno matupu hewani. Fundisho zuri kabisa, nawe utalisikia. Nami wakati wa mavuno, kabla ya nzige, nilikuwa nimeagiza kila mtoto alete mahindi, nikayapukuchua nikajaza kibuyu. Kila asubuhi kila mtoto anawekewa rundo lake la punje, anahesabu, anagawa, anajumlisha, halafu mimi napita na kukusanya zote, narudisha kibuyuni, naziba. Njaa ikaja, nami sikubadilisha kitu. Watoto ambao jana yake hawakula niliwawekea mahindi mbele ya magoti yao, wayashike, wayapange, kisha niliwanyang'anya. Siku baada ya siku. Haki ya Mungu, haikunijia kabisa kwamba lile lilikuwa jambo la ajabu. Mawe madogo yalijaa tele mtoni, nami sikuyaokota.

Tamali alikuwa miongoni mwao. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake alikwenda Lupa kuchimba dhahabu asirudi. Aliishi na bibi yake, mama mzaa mama, ng'ambo ya kile kijito tunachokatiza tukienda Hasamba. Alikuwa mdogo kuliko umri wake, kichwa kikubwa, mkimya. Lakini kwa kuhesabu hakuna aliyemfikia. Kwa hiyo niliposikia kwamba msimamizi wa shule za misheni anakuja kututembelea, nikajua nitamwita nani. Minong'ono ilikuwa imenifikia kwamba shule kubwa inatafuta mwalimu. Nikasema moyoni, leo naondoka kwenye vidudu.

Msimamizi akaja, akaketi kwenye kiti nilichoazima kwa mzee wa kanisa. Nikamwita Tamali mbele. Nikamhesabia punje kumi kwenye sahani, nikatangaza kwa sauti kwamba mtoto huyu ataondoa tatu, ataongeza mbili, atagawana na wenzake. Akaanza vizuri. Msimamizi akainama kutazama. Halafu hesabu ikagoma. Punje zilikuwa pungufu. Nikamwambia arudie. Akarudia, zikawa pungufu zaidi! Msimamizi akanitazama, akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. Nikaona taya ya Tamali inatikisika.

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema, "Bwana msimamizi, watoto wana njaa." Yeye mwenyewe alikuwa mtu mwenye macho. Lakini nilichoona mimi ni shule kubwa inaniponyoka. Nilimshika yule mtoto kwenye mashavu, kwa vidole hivi ninavyoandikia, nikambana mpaka mdomo ukafunguka. Nikaingiza kidole nikatoa ile rojo ya mahindi aliyoitafuna, nikaiweka kwenye kiganja changu, nikazunguka nayo darasa zima ili kila mtoto aone. Mate yake yalikuwa yakinichirizika mkononi. Hakulia, Ruti. Alikuwa akinitazama tu, mdomo umebaki wazi, kana kwamba sijampa ruhusa ya kuufunga.

Hapo ndipo nilipotunga wimbo. Pale pale, kwa kutaka kumwonyesha msimamizi kwamba mimi ni mwalimu mchangamfu, ninayeweza kugeuza kosa kuwa somo. Moja, mbili, tatu, Tamali kala nne. Nikapiga makofi, watoto wakaitikia. Watoto wadogo wataimba chochote utakachowapa, hilo utaliona mwenyewe wiki ya kwanza. Waliimba kwa furaha, wakicheka, na yeye akiwa amesimama katikati. Msimamizi akaniambia nina kipaji.

Kesho yake Tamali hakuja. Nilitegemea hivyo, wala sikujali. Lakini wimbo ulikwenda. Ulikwenda kisimani, ukaenda machungani, ukavuka kijito. Watoto walimwimbia alipokuja kuteka maji. Wanawake walipouliza maana yake wakaelezwa, nao wakacheka, kwa sababu ulikuwa ni mwaka wa njaa na watu walikuwa wanatafuta cha kuchekea. Nilipoona umezidi niliwakataza watoto darasani. Mara wakanyamaza mbele yangu, na wakaendelea nje. Kitu nilichokianzisha kwa kupiga makofi sikuweza kukizima kwa kiboko.

Sasa nifike kwenye mahindi, maana ndiyo yanayoniamsha usingizini mpaka leo.

Siku chache baadaye, jua linazama, bibi yake alifika hapa kwangu. Nilikuwa nimeketi nje na mama yako, tumeoana mwaka ule ule. Yule bibi alipiga magoti mbali kabisa, akapiga makofi polepole kama anavyosalimiwa chifu, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu amekula mahindi ya shule. Sisi si wezi. Nimeleta." Akasogeza kikapu. Ndani yake mlikuwa na mahindi mazima yamefungwa kwa maganda yake, jozi jozi, na yote ni meusi tii kwa masizi.

Wewe umezaliwa Mbozi, huhitaji kuelezwa. Mahindi meusi kwa masizi ni mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko toka mavuno, wadudu wasiyaguse, yakingoja mvua. Hayo hayaliwi. Hata mtu akifa njaa ndani ya nyumba, yale ya juu ya meko hayashushwi. Hakuna mtoto wa nchi hii asiyelijua hilo, na mimi nililijua nilipoona tu ule weusi. Yule bibi alikuwa ameniletea shamba lake lote la mwaka unaofuata. Mjukuu wake alikuwa amekula punje nne, labda tano.

Alikuwa anangoja nikatae. Sasa naliona hilo waziwazi. Mtu akikuletea mbegu yake amepiga magoti, anakupa nafasi ya kusema, "Inuka, mama, rudi na mzigo wako, yameisha." Ilikuwa ni kusema tu. Nami nikasema, "Vema. Weka hapo." Nilitaka aondoke, kwa sababu wapita njia walikuwa wamesimama kutazama, na nikaona nikikataa nitaonekana nimekosea mimi.

Mama yako aliniambia, "Hiyo ni mbegu." Nikamjibu, "Ni mahindi ya shule. Twanga." Akaniambia tena, "Baba, hiyo ni mbegu, mfuate njiani umrudishie, hajafika mbali." Nikamfokea. Tulikuwa na njaa na sisi, ni kweli, lakini wala haikuwa njaa iliyonifanya nifoke. Akatwanga. Akasonga ugali, akaniwekea mbele yangu na maji ya kunawa, akaenda kukaa nje. Hakugusa hata tonge. Nilikula peke yangu, nikamaliza. Ulikuwa na harufu ya moshi. Mpaka leo mama yako hajawahi kunitupia neno juu ya ugali ule, na wewe unamjua mama yako, hana kawaida ya kuacha jambo lipite.

Mvua zikaja. Watu walipanda walichokuwa nacho. Shamba la yule bibi lilibaki udongo mtupu. Nilipita pale kwa makusudi mara moja, nikaona amelima matuta vizuri kabisa, amelima kama kawaida yake, na hana cha kutia ndani. Baada ya hapo nikawa napita njia ya juu. Kabla ya palizi walikuwa wameondoka, bibi na mjukuu, kwa miguu, kuelekea Tunduma na kuvuka mpaka kwenda kwa ndugu zao Wanamwanga upande wa Rodeshia. Waliotoka nao mpaka barabarani walisema watoto waliwasindikiza wakiimba.

Shule kubwa nilipewa. Nilifundisha huko muhula mmoja. Kila nilipogeuka kuandika ubaoni nilihisi wananicheka, na walikuwa hawanicheki. Nikaanza kupiga. Nikawa mwalimu wa kuogopwa, halafu nikawa mwalimu wa kulalamikiwa, halafu nikaacha mwenyewe kabla sijaachishwa. Hiyo ndiyo habari ya mimi na chaki.

Wewe ukazaliwa. Ukakua, ukaanza kucheza na wenzako, na siku moja nikakukuta kisimani unaruka kwa mguu mmoja na unaimba: moja, mbili, tatu, Tamali kala nne. Nilikuchapa. Nadhani unakumbuka, maana ulikaa siku nyingi hunisogelei. Uliuliza, "Baba, nimefanya nini?" nami nikakujibu kwamba wasichana wastaarabu hawarukiruki kisimani. Hukuwa umefanya kitu, mwanangu. Ulikuwa unaimba wimbo wa baba yako. Nilikuchapa kwa sababu ulikuwa mzuri midomoni mwako, na watoto walioujua mwanzo wake walikuwa wameshakua, na nyinyi mlidhani Tamali ni jina tu la wimboni. Nisamehe kwa fimbo zile.

Bado. Laiti ingekuwa imeishia hapo.

Mwaka juzi, kwenye mkutano wa makanisa, wakatuletea watoto wa darasa dogo la misheni kuu watuonyeshe kazi zao. Mwalimu wao alikuwa dada mmoja mwembamba, kichwa kikubwa, kitambaa cha bluu. Aliwakalisha watoto chini, akamwekea kila mmoja punje mbele ya magoti, mahindi yaliyokaangwa. Wakahesabu. Wakaondoa, wakaongeza, wakagawana. Walipomaliza yule mwalimu akapiga makofi mara moja, akasema, "Haya, kuleni hesabu zenu." Watoto wakazifakamia. Watu wote wakaangua kicheko, wakashangilia. Nikamjua kabla sijasikia jina lake.

Nilitaka kuondoka, lakini chakula kilipoandaliwa akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo. Samahani, baba. Wewe si Mwalimu Yeremia wa Iyula?"

Nikasema, "Hapana. Umenifananisha."

Alinitazama. Ruti, alinitazama vile vile alivyonitazama siku ile, isipokuwa mdomo wake sasa alikuwa ameufunga. Akasema, "Samahani sana, baba, watu hufanana," akainuka, akaenda kuwahudumia wengine. Na mzee mwenzangu aliyekuwa pembeni, ambaye amenijua tangu ujana, akaacha kutafuna. Hakuniuliza kitu. Hajawahi kuniuliza.

Kwa hiyo mwaka jana mchungaji alipokuja hapa akasema kuna nafasi, binti yako ana moyo wa watoto, apelekwe akajifunze kwa Mwalimu Tamali, unajua nilivyojibu. Nilisema kahawa imeiva na wachumaji hakuna. Nilisema msichana hahitaji kusomea ulezi. Ulilia nyuma ya ghala ukidhani sikusikii. Ulidhani baba yako anadharau wasichana, na mimi nikakuacha udhani hivyo, maana ilinipa ahueni zaidi kuliko ukweli. Nilikuwa namwogopa mwalimu wako. Nimekuibia mwaka mzima, Ruti, ili mimi nisijulikane. Msichana wa kwanza nilimfukuza darasani kwa wimbo, na wa pili, damu yangu mwenyewe, nikamzuia mlangoni.

Na mwaka huu nilipokubali, nilikubali kwa ujanja. Ulishangaa nilipomwambia mchungaji akuandikishe kwa jina la mjomba wako. Nilikueleza kwamba mjomba anajulikana zaidi huko misheni. Ala! Mjomba wako anayejulikana kwenye vilabu vya pombe ya komoni tu! Nawe kwa heshima yako ukanyamaza. Nilitaka ukae huko muda wote wa mafunzo bila yule dada kujua wewe ni mtoto wa nani. Nilikuwa tayari ulale na kuamka ndani ya uongo wangu, uuitikie kila asubuhi majina yakiitwa.

Leo asubuhi, uliponiona natoka na koti, nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwambia afute. Akauliza kwa nini, nikamweleza yote, tangu nzige mpaka "umenifananisha". Nilidhani atanisomea Maandiko. Alichukua kalamu, akaandika jina langu nyuma ya lako. Halafu akaniuliza, "Ruti mwenyewe anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hujamaliza."

Najua ninakubebesha. Ulikuwa unakwenda ukiwa mwepesi, na wimbo wako, na karanga zako, na sasa unakwenda na mzigo wa mtu mwingine. Ningekuwa baba mwema zaidi ningekwenda mwenyewe kwanza, mwaka juzi ule ule, nikapiga magoti mbali kama bibi yake. Sikwenda. Nitakuja baada ya kuuza kahawa, na safari hii sisemi kwa mdomo tu, mama yako ni shahidi na ameapa atanisukuma kwa mwiko. Lakini wewe unatangulia, na atakuuliza kabla sijafika. Huku kwetu tukiulizwa mtoto wa nani tunataja babu, tunajificha nyuma ya wazee. Usitaje babu. Sema, "Mimi ni binti wa Yeremia wa Iyula, yule wa wimbo." Kisha mwache aseme yeye. Akinitukana, usinitetee. Akikaa kimya, usimjazie maneno. Na kama atakupenda pamoja na hayo yote, mpokee, usimwonee shaka, maana mimi nimeharibu mengi kwa kudhani watu wananicheka.

Ndani ya kikapu, chini kabisa, utakuta mahindi mawili mazima yamefungwa jozi. Ni meusi, yatachafua kitenge chako, samahani. Nimeyashusha leo juu ya meko, mama yako akiniangalia. Mpe. Usimwambie ni malipo, kwa sababu si malipo. Mchungaji ameniambia bibi yake amelala huko ng'ambo ya mpaka, na hatapanda tena. Mwambie tu ni mbegu. Yeye ataelewa.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini mmeanza tena kuimba. Safari hii ni wewe na wale watoto wa jirani waliokuja kukuaga, na umewafundisha kupiga makofi mwishoni, pale kwenye nne. Ndivyo nilivyopiga mimi. Mama yako haimbi, nasikia mwiko unakwaruza chungu kwa nguvu.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo nikakuta nimeandika kwamba utaisoma ndani ya lori, hunioni na mimi sikuoni. Nimejionea aibu upya. Ni kile kile cha "umenifananisha".

Kwa hiyo haiingii kikapuni. Naikunja sasa hivi nakuja nayo jikoni. Nitawaomba watoto wakacheze nje, nitakupa mkononi, na nitaketi chini hapo hapo penye moto, chini ya mahindi yaliyobaki, mpaka utakapomaliza. Soma polepole, sitakuharakisha. Na ukifika hapa, nitazame.

Baba yako,
Yeremia